Sare Niliyoikata

Kitambaa cha kwanza nilichokikata maishani mwangu kilikuwa sare ya sherehe ya ukoo wa mume wangu. Kilikuwa kitenge cha rangi ya chungwa chenye maua makubwa ya kijani, na kila mwanamke wa ukoo ule alikuwa amepewa kipande chake akashone gauni, ili siku ya kumuaga bibi harusi tuingie ukumbini kwa mstari, tukicheza, tumefanana kama kwaya. Wenzangu walipeleka vipande vyao kwa mafundi. Mimi changu nilikitandaza juu ya meza ya chakula, nikaweka sinia juu yake, nikalizungushia kalamu, kisha nikachukua mkasi tunaofungulia pakiti za maziwa nikaanza kukata.

Sijutii. Nalisema mapema ili msomaji asije akangoja mpaka mwisho akidhani nitajuta.

Nilikuwa namkatia binti yangu kofia. Wakati huo alikuwa darasa la pili, mtoto mwenye maneno mengi na magoti yasiyokosa vidonda. Tulikuwa tumehamia Dodoma pamoja na wizara ninayofanyia kazi. Mimi kwetu Njombe, lakini mume wangu ni Mgogo wa hapa hapa, kwa hiyo wakati wenzangu wa ofisini wakilalamikia vumbi na upepo na kuhesabu safari za kurudi Dar, yeye alikuwa amerudi kwao. Tulipanga nyumba Ipagala, na kila asubuhi mimi nilipanda basi la wafanyakazi kwenda ofisini Mtumba, yeye akampeleka mtoto shule.

Shule ile inaruhusu wasichana kusuka, mradi wasuke mtindo mmoja unaotangazwa kila wiki. Kwa hiyo Jumamosi zetu zilikuwa za msusi. Binti yangu alikaa chini katikati ya miguu ya msusi, akilia kidogo kwa sababu za kitamaduni tu, na mimi nikinywa chai kwenye ngazi. Jumamosi moja msusi alinyamaza ghafla. Yule mwanamke hanyamazi. Nikageuka, nikamwona ameshika kitana juu, hakitembezi.

“Mama,” akaniita kwa sauti ya chini, “njoo uone.”

Nyuma ya sikio la mwanangu palikuwa na duara lisilo na unywele hata mmoja. Pametakata, panang'aa, hapana kidonda wala magamba. Nilipapitishia kidole nikaona ngozi ni laini kama shavu.

“Nini?” mtoto akauliza. “Chawa?”

“Hapana,” nikamwambia. “Si chawa.”

Baada ya hapo yalitokea maduara mengine. Kila asubuhi mto wake ulikuwa na nywele. Tulikwenda hospitali, tukaonana na daktari msichana, mdogo kuliko mimi, ambaye alimshika mtoto kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akasema si mapunye. Akasema haiambukizi, haiumi, na hakuna aliyemroga. Hilo la mwisho sikumwuliza. Nadhani alishachoka kulisubiri likiulizwa. Alieleza kwamba kinga ya mwili wenyewe imekosea njia na inazishambulia nywele. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi, zinaweza kurudi na kuondoka tena. Akatupa dawa ya kupaka.

Tulipokuwa tunatoka binti yangu akaniambia, “Mama, nywele zangu zinahama.”

“Zinahamia wapi?”

Akafikiri. “Labda Dar. Kule hakuna baridi asubuhi.”

Nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu. Maana mtoto hakuwa na tatizo na kichwa chake. Waliokuwa na tatizo nacho ni watu wengine. Mtu dukani alimwuliza mbele yangu kama kichwa nacho hukipiga mswaki, maana kinang'aa. Mama mmoja wa kanisani alimvuta mwanawe asikae naye benchi moja. Wakanishauri vitunguu saumu, mafuta ya taa, mchungaji wa Singida, mganga wa huko huko Singida. Mimi nilianza kumfunga mtandio, na hapo ndipo Dodoma ilipojibu.

Atakayekwambia Dodoma ni jua tu hajaishi hapa miezi ya kiangazi. Kuna upepo. Unatoka ng'ambo ya milima ukiwa na haraka zake, unabeba vumbi, unabeba mifuko, unabeba hata sahani za plastiki kwenye vichanja vya vyombo. Siku moja nilikwenda kumchukua mwanangu shuleni nikamwona anakatiza uwanja kuja getini. Upepo ukauchukua ule mtandio kichwani mwake kama mtu anayenyang'anya. Akaukimbilia. Kila alipotaka kuukanyaga, ukaruka tena. Watoto waliokuwa wakingoja magari walimshangilia kama wanavyoshangilia mpira, na sitasema walikuwa wabaya, walikuwa watoto. Lakini nilimwona mwanangu akiacha kukimbia. Alisimama katikati ya uwanja, mikono yote miwili kichwani, akauacha mtandio uende mpaka ukanasa kwenye miiba ya uzio.

Tangu siku hiyo nilijua kinachotakiwa ni kitu chenye mpira, kitu kinachoshika. Nilitafuta Majengo sokoni. Kofia za sufu zilimtoa jasho. Kofia za kuogea zilikuwa za nailoni na zilipiga kelele kama karatasi. Za watu wazima zilimfunika mpaka puani. Nikarudi mikono mitupu, na wiki hiyo hiyo wifi yangu akaja na kitenge.

Wifi yangu huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye anayeendesha mambo ya ukoo. Si mtu mbaya. Nilipojifungua alikuja kunikanda kwa maji ya moto kila siku mpaka niliposimama vizuri. Lakini binti yake ndiye aliyekuwa anaolewa, na sherehe ile alikuwa ameibeba mabegani kama mtu aliyebeba kabati.

“Shikamoo wifi,” nikampokea.

“Marahaba. Hujambo? Wazima humu?” Akakaa, akanipa kitenge kwa mikono miwili. “Hiki chako. Shona gauni la heshima, urefu wa kufunika magoti. Tutaingia wote kwa pamoja.”

Nikamshukuru. Nikaona ni kingi, nikasema kitatosha na cha mtoto.

Akakohoa. Akatazama mlango wa chumbani ambako binti yangu alikuwa anaimba peke yake.

“Wifi, nisikilize bila kukasirika,” akasema. “Ni kwa faida ya mtoto mwenyewe. Watu wana maneno. Upande wa bwana harusi hatujawazoea bado. Na kamera zile siku hizi hazifichi kitu, picha zinakaa miaka. Naona siku ile abaki nyumbani na dada wa kazi. Tutamwekea keki.”

Nilimwuliza, “Abaki kwa sababu ya kichwa?”

“Usiliseme hivyo.”

“Niliseme vipi?”

Alimalizia chai yake, akasema ana safari ya kwenda kwa wapishi, akaondoka. Na mimi nilimsindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa, nikamwitikia vizuri, nikarudi ndani. Kule chumbani kuimba kulikuwa kumekoma. Nikafungua mlango. Mwanangu alikuwa amekaa kitandani.

“Keki ya rangi gani?” akaniuliza.

Ndipo nikaenda kuchukua sinia.

Sijawahi kushona. Naomba ieleweke hivyo. Shuleni somo la sayansikimu lilinishinda, na vifungo vya mume wangu hushonwa na fundi wa mtaa wa pili. Nilichokijua nilikiona kwenye video za mtandaoni, ambako mwanamke mwenye kucha ndefu alishona kofia ya mtoto huku akitabasamu, na kila kitu kikamtii. Kata duara. Kunja pembeni pindo la kupitisha mpira. Shona, acha nafasi ndogo, ingiza mpira kwa pini, funga. Basi. Hata mtoto anaweza.

Duara langu lilikuwa yai. Mkasi wa maziwa hautaki kona. Nilikunja pindo, likakataa kukunjika, maana pindo la duara si kama pindo la shuka. Linajikusanya, linafanya mikunjo midogo ya ukaidi. Nikalipiga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu, na mishono ile ilitembea kama nyayo za kuku. Binti yangu alikuja akasimama ubavuni, kidevu juu ya meza.

“Unakata nguo ya shangazi?”

“Nguo yangu. Nimepewa mimi.”

“Sasa wewe utavaa nini?”

“Nina nguo nyingi.”

“Shangazi atapiga kelele.”

“Atapiga,” nikamwambia. “Shika hapa usiachie.”

Kofia ile ya kwanza aliivaa, akaenda kujitazama kwenye kioo, akarudi polepole. “Nafanana na mpishi wa kantini,” akasema. Na alikuwa sahihi. Ilimvimba pande zote kama mkate uliozidiwa hamira. Mbaya zaidi, alipoivua nikaona alama nyekundu kwenye paji la uso, nikajua nimeukaza mpira mno, na mishono yangu ya ndani ilikuwa imemkwaruza pale pasipo na nywele za kukinga. Kichwa chenye nywele hakijui mshono ni nini. Kisicho na nywele kinausikia kila mmoja.

Mume wangu aliporudi alikuta mabaki ya kitenge sakafuni. Akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza.

“Hii si ile sare?”

Nikamweleza alichosema dada yake. Nilimweleza neno kwa neno, sikuongeza na sikupunguza. Huyu ni mwanaume ambaye hajawahi kumjibu dada yake tangu azaliwe.

“Atakasirika,” akasema.

“Ndiyo.”

“Mtoto anakwenda?”

“Anakwenda. Na mimi nakwenda. Wewe ukitaka kubaki nyumbani ule keki, baki.”

Akakiweka kile kipande mezani. “Mimi nitakwenda na mwanangu,” akasema, akaingia kuoga. Kwangu ilitosha.

Jumapili nilichukua kofia ile mbovu nikaenda nayo kwa jirani. Yeye ni mama kutoka Kondoa, na hapo kibarazani kwake hushona hijabu za watoto wa madrasa kwa cherehani ya miguu. Tulikuwa tunasalimiana tu. Nilimwonyesha kazi yangu na akafanya juhudi kubwa ya kutocheka, akashindwa.

“Jirani,” akasema akijifuta macho, “hii umeshona au umefunga kidonda?”

Lakini aliponisikiliza, kicheko kikaisha. Aliingia ndani akatoka na hijabu ndogo nyeupe, akaigeuza nje ndani, akanionyesha inavyokaa usoni bila kubana. Akanionyesha namna mshono unavyoweza kufichwa katikati ya kitambaa na bitana, yaani kile kitambaa laini cha ndani, ili upande unaogusa ngozi ubaki mtupu. Akasema mpira usizunguke kichwa chote. Uwekwe nyuma tu, shingoni, na mbele pawe na mkanda mpana wa kitambaa usiobana. Akanikalisha kwenye cherehani. Mguu wangu ukakimbia, sindano ikakimbia, uzi ukakatika, na mashine nzima ikarudi nyuma kama gari la mtu anayejifunza.

“Polepole. Hakuna anayekufukuza.”

“Wapo,” nikamjibu. “Wako wengi.”

Nilikwenda kibarazani kwake kila nilipotoka kazini. Nilishona, nikafumua, nikashona, mpaka kitenge hakikutosha gauni tena. Bitana nilikata kutoka kwenye sketi yangu ya satini niliyokuwa nikiivaa kwenye mikutano ya ofisini, maana laini kuliko ile sikuwa nayo. Vidole vilinitoboka. Ofisini mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeanza kupalilia mashamba ya zabibu. Na siku moja binti yangu akaivaa kofia, mkanda mbele, mikunjo imelala vizuri kwa nyuma, ua moja kubwa la kijani limeangukia juu ya sikio kana kwamba nilikusudia. Alitikisa kichwa. Akaruka. Akainama akagusa vidole vya miguu. Kofia ikakaa. Kisha akatoka nje kwenye upepo, akakimbia mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, na mimi na jirani yangu tumesimama kibarazani kama watu wanaotazama ndege ikiruka.

“Haitoki!” akatupigia kelele. “Haitoki!”

Siku ya sherehe nilivaa gauni langu la bluu la kazini. Nililipiga pasi vizuri. Ukumbini wanawake wa ukoo walikuwa wamejipanga nje ya mlango, rangi ya chungwa na kijani kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mimi nikaenda kujiunga nao nikiwa bluu, nimemshika mkono mtoto ambaye sare yake iko kichwani. Wifi yangu alituona. Alitazama gauni langu, akatazama kofia, na nilimwona akielewa. Akanisogelea akanishika kiwiko.

“Umekikata?”

“Ndiyo, wifi. Tumegawana.”

“Kitenge cha ukoo!”

“Na huyu ni wa ukoo.”

Wake wa ndugu za mume wangu walitazama viatu vyao. Wifi yangu alifungua kinywa, lakini mshereheshaji alikuwa ameshatangaza akina mama, muziki ukapigwa, na mlango ukafunguliwa. Hakuna anayeweza kugombana akiwa katikati ya mstari unaocheza. Tukaingia. Binti yangu alicheza mbele yangu, mabega juu, kama mtu aliyelipiwa kuja kucheza, na mshereheshaji akapaza sauti, “Jamani, na mdogo wetu mwenye kilemba, hebu mwoneni!” Watu wakampigia vigelegele.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri ya kofia. Lakini ukumbi ule ulikuwa na joto, bati lilikuwa limekunywa jua la mchana kutwa, na watoto walikuwa wanakimbizana katikati ya meza. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau nilipomwona mwanangu akisimama, akaivua ile kofia, akajipepea nayo usoni, kisha akaitundika kwenye mgongo wa kiti na kurudi kucheza. Kichwa wazi. Taa za ukumbini zikamwangukia pale penye maduara na pale palipobaki vishungi vya nywele.

Nitasema ukweli wa kilichonipata. Nilikasirika. Vidole vyangu vyote vilikuwa na matundu kwa ajili ya kofia ile. Nilikuwa nimekosana na ukoo kwa ajili yake. Nikaweka sahani chini niende nikamvishe. Na nikamwona wifi yangu naye anatoka upande wa meza kuu, anakwenda haraka, ameshainyakua kofia kwenye kiti, anamfuata mtoto nayo mkononi. Mpiga picha alikuwa karibu.

Sijui kilichobadilika ndani yangu katika ile nafasi ndogo kati ya meza mbili. Labda ni kule kumwona mtu mwingine akifanya nilichokuwa nakwenda kufanya mimi, na uso wake ukionyesha wazi anafanya kwa ajili ya nani. Nilifika kwanza. Nikasimama kati yake na mtoto, nikaishika kofia.

“Mwache,” nikasema.

“Si umemshonea mwenyewe? Si ndiyo ulichotaka?”

“Nimemshonea avae akitaka. Sasa ana joto.”

“Watu wanatazama.”

“Watazame, wifi. Wakichoka watakula.”

Tulisimama pale, yeye amekishika kitenge chake na mimi nimekishika kitenge changu, kofia moja, na nilijua nikiiachia nitaiachia siku nyingi. Mume wangu alifika. Nilidhani amekuja kunituliza. Alimwamkia dada yake kama vile ndiyo kwanza anamwona, kwa adabu kabisa, kisha akaichukua ile kofia mikononi mwetu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake. Akaenda katikati ya ukumbi akacheza na mwanawe. Hachezi vizuri, mume wangu. Anacheza kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea. Lakini alicheza mpaka wimbo ukaisha, na mwingine.

Wifi yangu hakunisemesha tena siku ile, wala miezi mingi iliyofuata. Albamu ilipotoka tulionyeshwa na bibi harusi mwenyewe. Picha za mwanangu akiwa na kofia zimo. Za akiwa kichwa wazi hazimo hata moja, na najua zilipigwa. Siku hizi tunasalimiana kwenye misiba, namwamkia, anaitikia, tunakatakata mboga pamoja. Sijamwomba radhi. Naye hajaniomba. Huenda tukazeeka hivi.

Baada ya sherehe nilikuwa nimepata kiburi cha fundi, kwa hiyo nikanunua cherehani yangu nikashona za shule. Mwalimu mkuu akaniita. Alikuwa mtu mpole, na mbele yake mezani alikuwa ameiweka kofia ya mwanangu kama kidhibiti mahakamani.

“Mama, shida yangu ni utaratibu,” akaanza. “Sare ya shule inafahamika. Watoto wa Kiislamu wana hijabu, hiyo tumeikubali siku nyingi. Hii ya kwako sijui niiweke kundi gani.”

“Iweke kundi la kofia, mwalimu.”

“Nikimruhusu mmoja, kesho darasa zima litakuja na kofia.”

“Waje nazo. Nani ataumia?”

Akatabasamu, akajirekebisha. Akaniuliza kama si afadhali mtoto ajifunze kujikubali alivyo. Wazazi wengi wangelainika kwa neno hilo, ni neno zuri. Mimi lilinichoma.

“Mwalimu, huyu anajikubali. Jana alicheza mpira kichwa wazi mbele yenu wote. Leo ametaka kofia. Kesho sijui atataka nini, na wewe hujui. Nitakuwa namleta na kofia kichwani au kwenye mkoba, kama atakavyoamka. Kama kuna mwalimu wa kumvua, basi amvue asubuhi nikiwa bado getini, nimwone.”

Alizungusha kalamu kwa muda. Mwishowe akasema iwe ya rangi ya sweta, basi, isiwe na maua. Nikakubali maua yaondoke. Nilipofika nyumbani nikashona ua moja la kitenge ndani, upande wa bitana, pasipoonekana na utaratibu wowote.

Nywele za binti yangu zilirudi, zikaondoka, zimerudi upande mmoja. Sasa ni mkubwa kidogo na wakati mwingine hunikosoa mishono. Kofia zake zinakaa ndani ya beseni chini ya kitanda, na ziko wiki ambazo hazigusi kabisa.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke mmoja nisiyemfahamu, ametokea upande wa Buigiri, ameelekezwa na jirani yangu wa Kondoa. Alikuwa na mtoto wa kike aliyewahi kumwagikiwa uji wa moto. Kovu lilikuwa limepanda kutoka shingoni mpaka katikati ya kichwa. Mama alikuwa ameleta kitambaa chake, cha rangi ya udongo, kisichovuta macho ya mtu.

“Nataka ya kufunika yote,” akasema. “Mpaka hapa. Wasione.”

Nikamwinamia mtoto. “Na wewe, binti? Unataka ikaeje?”

“Sitaki,” akasema.

“Atavaa tu,” mama akasema. “Usimsikilize, huyu ni mbishi.”

Nikakunja kile kitambaa nikamrudishia. Nilimwambia kwa upole niliouweza kwamba cherehani yangu haimshonei mtoto aliyesema hataki. Alikasirika, na sikumlaumu. Alikuwa ametoka mbali na vumbi lilikuwa limemjaa miguuni. Nikawapa maji ya kunywa. Wakaondoka bila kofia, mtoto akigeuka nyuma kunitazama mara kwa mara mpaka walipopotea kwenye kona. Jirani yangu alinigombeza kwa kupoteza mteja.

Jumamosi iliyopita walirudi. Safari hii aliyetangulia kuingia ni mtoto. Alisimama mbele ya meza yangu, akaweka mkono juu ya kovu lake, akaeleza kama mtu anayeagiza dukani.

“Jua linanichoma hapa nikienda kisimani. Nataka yenye ukingo mbele na nyuma. Rangi ile.” Akaonyesha kitambaa chekundu, kikali kuliko vyote nilivyonavyo.

Mama yake alikuwa mlangoni, amekunja mikono, anatazama nje.

Ukingo sijawahi kushona. Unahitaji kitu kigumu katikati ya vitambaa viwili, na kona zake ni mbaya kuliko za duara. Nilimwambia hivyo, kwamba ya kwanza itakuwa mbovu, huenda na ya pili.

“Nitasubiri,” akasema, akavuta kigoda akakaa. Nikachukua mkasi.